Kinachodondoka na Kinachong'ang'ania

Jumamosi, saa tatu asubuhi, dalali alisimama katikati ya jiko, akalamba ncha ya penseli na kuuliza kama sinki linavuja.

"Linavuja ukifungua bomba la kushoto," alisema Dada. "Fungua la kulia, litakuheshimu."

Dalali akaandika: sinki moja, lifunguliwe kulia. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti ya upole, na kwenye ubao wake alikuwa amebana karatasi mbili, nyeupe ya vitu vinavyobaki na ya njano ya vitu vinavyoondoka. Juu ya vichwa vyao wabebaji walikuwa wameshaanza kulegeza paa, na vumbi la miaka lilikuwa likidondokea kwenye birika la chai. Dada akalifunika kwa sahani.

Mji ule haukuwa na ugomvi wa mapazia. Kwingine, nyumba ikiuzwa, watu wanakaa wiki nzima wakigombania taa, vioo na vitasa, mpaka undugu unaingia ufa. Pale walishachoka na upuuzi huo tangu enzi za babu zao. Nyumba ikipata mnunuzi, paa linatolewa kama kifuniko cha sufuria, wabebaji wanane wanainyanyua, wanaipindua juu chini na kuitikisa mara tatu. Kinachodondoka ni cha muuzaji. Kinachong'ang'ania ni cha mnunuzi. Hakuna rufaa, na kazi yote haizidi saa moja kama wabebaji wamekunywa chai.

"Wauzaji ni wangapi?" aliuliza dalali.

"Wawili," alisema Kaka Mkubwa, ambaye alikuwa mwalimu mkuu na aliyajibu maswali yote haraka ili wengine waige. "Mimi na huyu Kitindamimba."

"Naona mko watatu."

"Huyu ni Dada."

Dalali akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akaandika wawili.

Hati ya nyumba ilikuwa na majina ya wanaume hao wawili tu. Baba yao aliwaandikia zamani, akisema binti ataolewa aende zake. Binti hakuolewa, kwa sababu mama aliugua, na mama aliugua miaka ishirini na sita, tena kwa bidii. Kaka Mkubwa akaenda kusoma ualimu. Kitindamimba akaenda kujifunza kupaka magari rangi. Dada akabaki akimgeuza mama kitandani, akipika, na kuwashonea ndugu zake nguo za kazini kwa cherehani iliyokaa chini ya dirisha la jiko. Mama alipofariki, wale ndugu walilia sana, kisha wakapaka uzio rangi wapate mnunuzi.

Si kwamba walimsahau. Lahaula, wangemsahauje mtu aliyejua kila mmoja wao anataka chai yake iweje? Walikaa kikao, wakakubaliana kwamba Dada atakaa miezi sita kwa mmoja na miezi sita kwa mwingine, kama watu wanavyoazimana ngazi. Kaka Mkubwa alikuwa amehamisha magunia kwenye stoo yake na kuweka kitanda. Kitindamimba alikuwa na mapacha wanaoota meno, na mke wake alishaanza kuhesabu siku.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba Dada alikuwa na ufunguo. Ulikuwa shingoni kwake, kwenye uzi mweusi, chini ya gauni. Ulikuwa ufunguo wa chumba kimoja mtaa wa mafundi, chenye dirisha pana na sakafu isiyo na nyufa, ambacho alikipata kwa mteja wake wa siku nyingi. Sanduku lake lilikuwa mlangoni tangu alfajiri. Ndani yake mlikuwa na magauni manne, mkasi, na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNDI WA NGUO, KARIBU NDANI. Herufi ya R ilikuwa imezizidi nyingine kimo. Aliipenda hivyohivyo.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Atadondoka kama wengine, atajikung'uta, atachukua sanduku, ataaga. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na tisa, na siku hiyo alijisikia ana ishirini.

"Dada, wewe kaa tu humo jikoni," alisema Kitindamimba. "Shika birika, lisije likamwagika. Wabebaji hawajanywa."

Dada akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akashika birika. Ndugu zake wakaenda sebuleni, kwa kuwa muuzaji naye sharti awe ndani, na nje dalali akatandika magodoro sita kwenye nyasi. Mnunuzi alikuwa muuguzi, mama wa watoto watatu, aliyetoka kazini moja kwa moja akiwa bado na viatu vyake vyeupe. Aliegemea uzio na kupiga miayo.

Mkuu wa wabebaji aliitwa Jeki, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Akatemea mate viganjani. "Haya," alisema, "taratibu, hii nyumba ina mgongo mbovu upande wa bafu." Wakanyanyua. Wakapindua.

Mtikiso wa kwanza uliwaangusha ndugu wawili, meza ya kulia, viti, friji na redio. Kaka Mkubwa alitua amekaa, miwani ikiwa usoni, akamtazama mnunuzi kana kwamba ameingia darasani.

Mtikiso wa pili uliangusha vya siri. Kilidondoka kikohozi cha marehemu baba, kilichokuwa nyuma ya kabati miaka yote hiyo. Kikakohoa mara mbili, kikatulia kwenye nyasi, na Kitindamimba akakifunika kwa taulo kisipate baridi. Yakadondoka meno ya bandia ya mama, yakiwa yamenuna kidogo. Vikadondoka vijiko kumi na saba kutoka dari ya chumba cha Kitindamimba. Kwa ajili ya vijiko hivyo Dada alisemwa miaka mitatu mfululizo, mama akiamini anawagawia majirani.

"Kumbe vilikuwa huku!" alisema Kitindamimba, akacheka mpaka akashika mbavu. Kaka Mkubwa naye akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha ndugu, na Dada alikisikia vizuri kutoka kule juu, kichwa chake kikielekea nyasi.

Maana Dada alikuwa hajadondoka.

Mtikiso wa tatu Jeki aliusimamia mwenyewe, kwa kuwa ni wa mwisho na unataka ufundi. Zilidondoka pini, vifungo, sabuni iliyoliwa na panya, kisha sanduku la Dada, likatua kwenye godoro la tatu bila kufunguka. Uzi mweusi ulichomoka kwenye gauni na ule ufunguo ukaning'inia mbele ya pua yake, ukinyooka kuelekea bustani. Yeye alibaki amekaa kwenye kigoda, na kigoda kimebaki kwenye sakafu, na chai kwenye birika haikumwagika hata tone. Alikuwa amezoea kushika vitu visimwagike.

"Dada," aliita Jeki kutoka chini ya ukuta, shingo imemtoka mishipa, "umeshikilia kitu?"

"Birika tu."

"Achia miguu."

"Nimeiachia tangu mtikiso wa kwanza."

Jeki akafikiri. Akawaomba wenzake waongeze mtikiso mdogo, wa heshima, ambao haupo kwenye kanuni. Hakikudondoka kitu isipokuwa kijiko cha kumi na nane.

"Ndivyo ilivyo," alisema dalali, akichukua karatasi nyeupe. "Friji ni ya juzi, imeondoka. Kitu kikikaa sana mahali pamoja na watu wakazoea kukipita, kinashika. Mwaka jana mtaa wa pili alishika babu mmoja na kiti chake. Rudisheni nyumba."

Nyumba ikarudishwa chini, paa likafunikwa, wabebaji wakamiminiwa chai. Dada akainuka kutoka kwenye kigoda chake, akatembea mpaka mlangoni bila shida yoyote, akapita bustani, akafika getini. Hapo miguu yake iligeuka yenyewe ikamrudisha jikoni. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alipitia nyuma ya nyumba ili kuihadaa, nayo haikuhadaika. Alikaa chini akalia, si kwa muda mrefu, kwa sababu wabebaji wawili walitaka sukari.

Nje ndugu walikuwa wakigawana vilivyodondoka. Kaka Mkubwa alichukua redio na lile sanduku, akaona kufuli lake ni zuri.

"Hilo langu," alisema Dada dirishani.

Wote wakamtazama dalali. Dalali akasikitika kwa dhati. "Limedondoka, dada yangu. Kilichodondoka ni cha muuzaji."

Kaka Mkubwa alikuwa na moyo, hilo lazima lisemwe. Alilinyanyua lile sanduku kwa mikono miwili, akaja nalo mpaka dirishani, akalitoa mbele ya watu wote. "Chukua, Dada. Nakupa. Mimi ndugu yako, sina choyo." Wabebaji wakapiga makofi. Muuguzi naye alipiga, maana alikuwa na usingizi na alifuata mkumbo. Dada akalipokea sanduku lake na kusema asante, kwa kuwa alilelewa kusema asante.

Kisha ikaja zamu ya mnunuzi kukagua vilivyobaki. Alifungua bomba la kulia. Akabonyeza swichi. Akapitisha kidole kwenye orodha mpaka namba kumi na nne, katikati ya sinki na tangi la maji.

"Na huyu? Yuko sawa?"

"Miaka ishirini na sita hajaharibika hata siku moja," alisema Kitindamimba kwa fahari.

"Goti la kushoto linauma mvua ikikaribia," alisema Dada. "Na asubuhi kabla ya chai sisemeshwi. Andika, asije akasema aliuziwa mbovu."

Dalali akaandika yote mawili. Muuguzi akacheka, akamwangalia Dada vizuri kwa mara ya kwanza, akasema anapenda mtu msema kweli. Akatia sahihi.

Alikuwa mwanamke mwema, na nyumba ilipata furaha ambayo haikuwahi kuipata. Watoto watatu walikimbia korido nzima wakigonga kuta. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyekitundika kile kibao nje ya dirisha la jiko, na siku ya tatu tu foleni ya wateja ilifika getini: zipu zilizokwama, suruali zilizobana, gauni la bibi harusi aliyenenepa ghafla. Cherehani, ambayo nayo ilikuwa imeng'ang'ania, ililia kutwa. Dada akawatania wateja, wateja wakamtania, na kuna aliyekuja na shati zima ili mradi tu apate maneno.

Wiki ya pili muuguzi alibadilishiwa zamu. "Dada," alisema akiwa mlangoni, akivaa viatu vyake vyeupe, "watoto wakitoka shule wewe si upo?"

"Nipo."

"Na mboga iko kwenye friji. Nisamehe, yaani nakuachia tu."

Alimwita Dada kwa sababu kwenye orodha hapakuandikwa jina jingine. Watoto nao wakamwita Dada. Baba wa watoto, aliyekuwa akisafiri na kurudi, alikaa sebuleni siku ya kwanza, akanyoosha miguu na kuuliza kwa sauti kubwa kama mtu anaweza kupata chai humu.

Mwezi ulipokwisha, wale ndugu walirudi wakiwa na dalali. Kaka Mkubwa alikuwa na vifungo viwili tu kwenye shati, na Kitindamimba alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala na mapacha. Walidai kuna kitu walikiacha kwa makosa. Dalali akafungua faili, akawasomea namba kumi na nne, pamoja na goti. Muuguzi akasema kwa adabu kwamba hauzi. Wakabishana kistaarabu kwa nusu saa pale mezani, wakimtaja Dada kwa sifa nzuri kabisa, kila upande ukimzidi mwenzake, wakati yeye akiwa amesimama nyuma yao na birika.

"Tumshukuru Mungu," alisema Kaka Mkubwa hatimaye, akipokea kikombe chake cha pili. "Angalau yuko nyumbani."

Wakakubaliana wote. Chai ilikuwa kama kila mmoja anavyoipenda. Dada alikata uzi kwa meno, akashona vifungo vitatu vya shati la kaka yake huku mwenyewe amelivaa, akawasindikiza mpaka getini, na miguu yake ikageuka.

Chumba cha mtaa wa mafundi bado kimefungwa. Ufunguo wake bado uko shingoni mwa Dada, ila tangu siku ile ya kupinduliwa haujarudi chini. Unaning'inia kwenda juu, kwenye uzi wake mweusi, umenyooka kuelekea dari kana kwamba mtu bado anatikisa. Wateja wameshauzoea. Akiinama kushona huwa unampiga kwenye kidevu, basi anauchomeka chini ya kola, anafunga kifungo, na kumwita anayefuata.