Pauni Ishirini za Mahari

Bibi yangu, Bi Tabia, alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nimekirithi. Kombo, seremala wa hapa Bagamoyo, alipokuja kuniposa, bibi alitaja mahari mbele ya mashahidi: pauni ishirini za Kiingereza. Shilingi yetu ilikuwa na mwaka mmoja tu, naye hakuiamini hata chembe.

"Marehemu babu yako alikuwa baharia, kazunguka bandari zote," aliniambia. "Alisema hata serikali za watu huweka akiba zao kwa pauni. Hii shilingi imezaliwa juzi, haijaota meno."

Pauni ishirini zilikuwa shilingi mia nne. Kombo alikuwa na mia tatu arobaini na tano, na Shaabani ilikuwa inayoyoma. Ramadhani ikiingia hakuna harusi, na bibi alishaapa kwamba baada ya mfungo ataitikia posa ya mzee Sharifu wa Miono, mwenye wake wawili na pumu. Nililia mpaka macho yakavimba.

Ndipo redio ikatangaza: Waingereza wameshusha thamani ya pauni yao, shilingi yetu imebaki pale pale. Mjomba Mtoro akapiga hesabu mara tatu. Pauni ishirini sasa ni mia tatu arobaini na tatu! Kombo alikuja mbio, vumbi la mbao bado kichwani.

"Shikamoo bibi. Nimeleta mahari."

"Marahaba." Bibi akaitikia. Angeweza kudai mia nne zake, na nani angembishia? "Nilisema pauni, na mashahidi walisikia," akasema. "Muungwana ni kitendo. Mtoro, pokea."

Nilipiga kigelegele bila haya. Bibi akaingia chumbani, akarudi na pauni kumi alizoachiwa na babu, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Mardhiya, na hizi za zamani zimeshuka pia?"

Furaha yote ikanitoka. "Za zamani hazishuki, bibi."

"Basi kanibadilishie kabla hazijapata habari."

Baada ya harusi nilizipeleka benki, Dar es Salaam. Wakanipa mia moja sabini na moja. Nikaongeza ishirini na tisa kutoka kwenye mahari yangu, nikamwekea bibi mkononi mia mbili kamili.

Akazihesabu taratibu, akatabasamu. "Unaona? Babu yako hakuwahi kunidanganya."