Alama za Makaa kwenye Mayai

Jumapili asubuhi, mwaka wa 1998, Zilpah alifunua kasha la kuangulia mayai akakuta alama za makaa alizochora upande mmoja wa kila yai zikimtazama vilevile alivyoziacha Ijumaa jioni. Mayai mia na ishirini, yote ya akina mama wa Rodi Kopany aliowashawishi yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, wasiyaweke chini ya kuku. Yai likilala upande mmoja kwa siku nyingi, kifaranga hugandamana na ganda. Na hiyo ilikuwa siku ya sita tu kati ya ishirini na moja.

Joto la kasha lilitoka kwenye taa ya mafuta. Kugeuza mayai ilikuwa kazi ya kompyuta kuukuu iliyoletwa na mjukuu wake Lorine, mwalimu wa Rangwe: kila baada ya saa nne iamshe mota, mota iviringishe mayai.

Lorine alikuja mbio, akaandika maneno mawili matatu. Akaeleza kwamba ndani ya mashine mna kipima saa, na Linux, programu inayoiendesha mashine nzima, inakijua.

"Kipo, Dani. Kimeandikwa hapa," alimwambia bibi yake.

"Kitendawili."

"Jameni, Dani, saa hii? Haya, tega."

"Anasema yuko shambani, jembe lake halina udongo."

Lorine aliitazama tena skrini. Alikuwa amesoma tu kwamba kipo. Hakuangalia kama kimewashwa. Akafungua orodha ambamo Linux huhesabu kila mara kifaa kinapobisha hodi, akasoma hesabu ya kipima saa. Wakanywa uji. Akasoma tena. Namba ni ileile.

"Hakijawashwa. Nani alizima mashine?"

Zilpah akaweka kikombe chini. Ni yeye. Ijumaa jua likizama, kama kila kitu katika nyumba ya Msabato, aliona nayo ipumzike. Jumamosi jioni akaiwasha, ikawaka vizuri, akashukuru. Hakujua kwamba ikiamka haiwashi kipima saa mpaka iamriwe.

Lorine hakumcheka. Kosa lilikuwa lake pia, alisema, kwa kuwa mwanzoni alikiwasha kipima saa kwa mkono tu; akaiandika amri hiyo miongoni mwa kazi ambazo mashine hufanya kila inapoamka. Wakaizima, wakaiwasha. Safari hii namba ilipanda, ikazidi kupanda. Saa nne zilipopita, mota ikanguruma, alama za makaa zikazama chini.

Ijumaa iliyofuata Zilpah aliifunika mashine kwa kitambaa chake cha kufuma, akaiacha ifanye kazi. Kuku naye, alijiambia, hashuki kwenye mayai kwa sababu ya Sabato.

Vifaranga walitoka sabini na wanane. Mayai yaliyobaki kimya aliyabeba kwenye kikapu, nyumba kwa nyumba, akisema mwenyewe ni nani aliyezima.