Kifaransa Kilichofutwa

Jumatatu Fundi Herufi aliitwa shule ya sekondari kupaka upya orodha ya masomo iliyoandikwa ukutani, pale langoni. Mkuu wa shule akamwambia afute Kifaransa, mahali pake aandike Kichina. Jumanne shule ya pili, maneno yaleyale. Jumatano ya tatu. Mji mzima una shule za sekondari tatu, na zote Kifaransa kakifuta yeye kwa mkono wake.

Nyumbani bintiye wa pekee alikuwa akijaza fomu ya chuo cha ualimu huku akiimba vitenzi vya Kifaransa. Tangu utotoni alitaka kufundisha lugha hiyo na si nyingine. Fundi akala jiwe. Mtu mzima anayeandika maneno ya watu kwa herufi za futi mbili, akashindwa kusema neno moja mezani! Kila alipofungua mdomo, binti alimtazama kwa furaha, naye akaishia kuomba chumvi.

Ijumaa, akiwa juu ya ngazi kazini, maji yakamfika shingoni. Fomu zinapokelewa hadi saa sita mchana, na mhuri ukishagongwa lugha haibadilishwi. Akashuka, akaacha ndoo wazi, akatimua mbio na brashi yake mkononi.

Alimkuta binti anatoka ofisi ya chuo, meno yote nje.

"Baba! Umekuja kunipongeza? Wameshagonga mhuri. Foleni ya Kifaransa nilikuwa peke yangu, wenzangu wote wamejazana kwenye Kichina. Wajinga wale!"

Fundi akakaa kizingitini, akayatema yote.

Binti hakupiga kelele. Aliushika mkono wa baba yake, akaanza kubandua rangi iliyokauka kwenye kucha.

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu, mwanangu. Nilikuonea huruma."

"Hukunionea mimi. Ulijionea mwenyewe, usinione nikilia." Akauachia mkono. "Ungeniambia siku ile, Baba, ningelia siku moja. Sasa nitasoma miaka mitatu nikijua."

Fundi akainuka, akaenda dirishani kwa karani. Akaomba, akabembeleza, mwisho akapiga magoti mbele za watu. Karani alimwonyesha kwa kidole ukuta wa juu ya dirisha: LUGHA ILIYOCHAGULIWA HAIBADILISHWI.

Fundi hakuwa na haja ya kusoma. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe mwaka juzi.