Nyuma ya Shuka la Sinema

Wewe ulishawahi kupiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wanaosimulia jinsi vijana wa zamani walivyojua kupiga magoti? Basi huyu hapa Komujuni, miaka thelathini na moja, shahada ya ualimu, fizikia na hesabu, amepiga magoti katikati ya sebule ya baba yake hapa Mabira, saa nane na nusu mchana, viganja viwili vimebeba kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama padri aliyebeba hostia, na Mzee Methodius, mwenyekiti wa bodi ya shule ya sekondari ya kata, mkono wake ulishafika nusu ya njia kuja kikapuni, ukasimama hewani, umesahauliwa huko, kwa sababu mwenye mkono amekumbuka gari la sinema... haya, gari la sinema, tumekwisha. "Likitokea Bweranyange," anasema Mzee Methodius, "tunalisikia lingali kilimani, vuuuu, mtoto anaacha ng'ombe, anaacha ndama, anaacha kila kitu!" na baba yake Komujuni, Mzee Elpidius, anacheka kabla kichekesho hakijafika, ndivyo anavyomchekea mwenyekiti tangu saa tano, anacheka kwa bidii kama anayelipwa kwa siku, na Mzee Celestin, wa tatu, anavuta rubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija huku akitikisa kichwa, ego, ndiyo, ego, gari la sinema, ego... acha ng'ombe, mzee, acha ndama, ila chukua buni mbili hapa, Komujuni anasema moyoni, mbili tu, tia mdomoni, tafuna, maana mgeni asipotafuna neno la haja halitolewi, ndivyo tulivyolelewa, mgeni hakimbizwi, na neno la haja liko hapa chini ya kikapu, limekunjwa mara mbili, ni fomu, ukurasa mmoja, mstari mmoja mtupu, saini ya mwenyekiti wa bodi, na mkuu wa shule alivyo mama wa maneno machache alisema ofisi inafungwa saa kumi, Komujuni, saa kumi siyo saa kumi na dakika, jina lisilo na saini silipeleki, nafasi ni moja, mwalimu wa fizikia, mkataba wa miaka miwili, watoto wa kidato cha nne hawajamwona mwalimu wa fizikia tangu wakiwa kidato cha pili, wanaukariri mkondo wa umeme kama sala ya rozari, na mwalimu wao yuko hapa, njooni mumwone, yuko chini kwenye saruji, anasubiri mkono ushuke. Miaka sita. Dear applicant, we regret. Miaka sita ya dear applicant, hadi akajiuliza huyo dear ni nani wanayempenda hivyo na hawataki kumwona. "Na sinema yenyewe ilikuwa sinema!" anasema Mzee Celestin, "siyo huu upuuzi wa vidole," anafanya kidole hivi, anasugua hewa, kuigiza vijana na simu, na wote wanacheka, na hapo hapo simu ya Mzee Methodius inalia mfukoni mwa koti, kwaya nzima, sauti juu, anaitoa, anaishika mbali na macho, anatazama, siyo mtu, ni kundi la ukoo, mtu ametuma maua na maneno ya kubarikiwa, na mwenyekiti, mbele ya magoti ya mwenye shahada, anayatuma maua yale mbele kwenye makundi mengine, moja, mawili, matatu, kwa kidole, anasugua, anasugua, seriously?, kisha anairudisha mfukoni, anapumua, "vijana wa leo simu imewala akili." Ego, anasema Celestin. Ego, anasema baba. Barabarani bodaboda inapiga honi, ni Tuyizere, wa kumpeleka shuleni, amesubiri tangu saa nane kasoro, alimwambia dada mimi nina abiria wengine, Komujuni akamwambia dakika kumi tu, Tuyizere akacheka, "wazee wa rubisi na dakika kumi? Dada, wewe umesoma sana." Goti la kushoto limeanza kuuma, kuna punje ya mchanga chini yake, punje moja, anaijua sasa kama anavyojua jina lake, na anawaza nyasi, kwa nini nyasi, kwa sababu nyumba ya bibi ilitandikwa nyasi, laini, ndefu, zikichakaa zinatolewa na kutandikwa nyingine, ukiingia unanusa shamba zima, na ukipiga magoti unazama kidogo kama kwenye godoro, hao bibi zetu walipiga magoti juu ya nyasi, halafu wazee hawa wakapata bei nzuri ya kahawa mwaka fulani, wakamwaga saruji, wakaipaka na rangi nyekundu, nyasi wakazitupa nje kwamba zinaleta viroboto na ni ushamba, ila magoti waliyabakiza, magoti hayakuwa ushamba, magoti ni utamaduni wetu... "Na kitu kimoja," Mzee Methodius ameinua kidole, mkono umerudi kwenye goti lake, mbali zaidi na kikapu kuliko ulivyokuwa, Mungu wangu, "tulikaa pamoja. Kijiji kizima! Wanatundika shuka jeupe kati ya miti miwili pale penye ghala la ushirika, tunakaa chini wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume, familia moja. Hakuna anayembagua mtu. Leo utaona wapi?" "Hakuna," anasema baba. "Mapenzi yalikuwepo," anasema Celestin. Na nyuma ya pazia la mlango wa korido mtu anakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, Komujuni anakijua, ni mama yake, Anatolia, anakohoa tangu Komujuni ana miaka mitano, maana yake tulia, usiinuke, usiinue macho, mgeni hajamaliza... na hapo kwenye shuka, hapo kwenye familia moja, kumbukumbu inamjia Komujuni bila kubisha hodi, mama jikoni, anamenya ndizi, utomvu umemgandia vidoleni, mvua inapiga bati, Komujuni kidato cha tatu anasoma kwa sauti habari za lenzi na taswira iliyopinduka, na mama anacheka peke yake, anacheka hadi anaweka kisu chini, wewe mwanangu, hiyo taswira iliyopinduka mimi naijua kabla hujazaliwa, akasema, gari la sinema lilipokuja sisi wasichana tulikatazwa kukaa mbele na wavulana, adabu, tukakalishwa nyuma ya shuka, upande wa pili, na picha ilikuwa inapenya, tunaiona yote, ila kushoto kulikuwa kulia, sinema ilikuwa ya kufundisha kupunguza matawi ya mibuni, mzungu mwenye kaptula anakata kwa mkono wa kushoto, anaandika kwa mkono wa kushoto, anasalimiana kwa mkono wa kushoto!, tukarudi nyumbani tunashangaa, wazungu hawa hawakufunzwa na mama zao?, na maandishi yakija yanakuja kinyume, mimi nilikuwa darasa la pili, nilikuwa nimeanza kusoma, nikayatazama yale maandishi nikajua sisomi chochote, nikasema basi kusoma kumenishinda, mwaka uliofuata baba aliposema niache shule nilee mdogo wangu sikulia, nilijua kumenishinda... na akachukua kisu akaendelea kumenya, akasema endelea wewe, soma, hiyo lenzi inasemaje. Familia moja, anasema mwenyekiti. Wake kwa waume. Halafu anajua kusahau vizuri namna hiyo, bila hata kujikuna, kwa raha, mrija mdomoni, kwani ukiwa umekaa mbele ya shuka utajuaje kwamba kuna mtu nyuma, kwako shuka ndio mwisho wa dunia. "Na michezo ya mchana!" Celestin naye amewaka, "kuteleza kwa gome la mgomba! Unakata mgomba uliokwisha zaa, unachukua lile gome, unakalia, mtelemko wa Nyakasimbi kwa dada yangu ule, fyuuu! hadi mtoni! Kaptula zote matako nje!" na wanacheka wote watatu, wanapigana mapaja, na Komujuni, hapo anajichukia, mdomo wake unataka kucheka pia, kwa sababu na yeye aliteleza, ndiyo, asidanganye, na yeye alikalia gome, mtelemko wa nyuma ya kibanja, utelezi wa utomvu, upepo masikioni, tumbo linabaki juu na wewe unashuka, kaka yake Novatus nyuma yake anapiga kelele, Komujuni alikuwa na miaka minane, ilikuwa tamu, bado tamu, utamu uko hapa shingoni sasa hivi... mara tatu tu. Mara tatu aliteleza, mara ya nne sauti ya baba ikatoka uani, Komujuni! maji!, akaacha gome lake likakaliwa na mtoto wa jirani, akachukua dumu, akapanda nalo kilima akisikia wanavyopiga kelele huko chini, Novatus aliteleza hadi giza, Novatus akiwasimulia wanawe leo huko Mwanza atasema tuliteleza kutwa nzima, na atakuwa anasema kweli, yake. Kumbe ndiyo hiyo zamani yenu, wapendwa. Siku nzima ya mtu mmoja, na mtu mwingine anapandisha maji. "Chukua basi kahawa, mwenyekiti," anasema baba, ametazama saa ya ukutani, heri, baba ameona, anajua, baba si mbaya, baba ni mwoga tu, amemchinjia jogoo, amempa kibuyu cha kwanza, amesema tangu juzi ana kajambo kadogo, kajambo, mwanae ni kajambo, "chukua, mtoto amechoka." "Achoke? Kwa magoti?" Mzee Methodius anamtazama Komujuni mara ya kwanza tangu shikamoo, anamtazama vizuri, kwa huruma kabisa, macho yana maji ya uzee, hana ubaya, hilo ndilo linaloudhi, hana ubaya hata chembe, "mwanangu, dada zangu walipiga magoti kuanzia mgeni anaingia hadi anapanda baiskeli. Na hawakuchoka." Uliwauliza? Uliwahi kuwauliza, waitu, mzee wetu? Na mkono unakuja, unakuja kweli, vidole vinaingia kikapuni, vinachambua kama anayenunua, buni nne, tano, mdomoni, anatafuna, asante Mungu anatafuna, taya linazunguka, Komujuni anahesabu, mara kumi na mbili, sasa baba atakohoa kiume, atasema mwenyekiti yule mtoto na ile karatasi, sasa, sema baba, saa tisa kasoro kumi... Mzee Methodius maganda yamemjaa shavuni, anatazama huku na huku, anatafuta pa kutemea, macho yanashuka, yanaona karatasi imejitokeza chini ya kikapu, uso unamng'aa. "Elpidius! Wewe umelea! Ona, ameleta na cha kutemea! Mama yangu alileta jani la mgomba, hivyo hivyo, chini ya kikapu, hivyo hivyo!" na anaivuta, taratibu, kwa vidole viwili, anaikunjua mara moja tu, anaitengeneza kiganjani kama kisahani, na anatema. Pu. Na tena, pu. Baba amefumbua mdomo. Baba amefumba mdomo. "Adabu hii," anasema mwenyekiti, machozi yanamlengalenga kweli, "imebaki kwenye nyumba ngapi?" na anaiweka ile karatasi juu ya kikapu, kwa heshima, maganda meusi yenye mate juu ya Jina Kamili la Mwombaji, na mkono wake unaenda kwenye mrija, kwa sababu amekumbuka enanga sasa, ile ala ya nyuzi, mpiga enanga aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Honi ya Tuyizere. Mara mbili. Komujuni hajasogea. Angesema nini, anajua wangesema nini wakimsikia, msomi, jeuri, ndiyo maana hapati kazi, mdomo, hao ndio wanaopewa digrii wanasahau kusalimia, na kazi ya fizikia ataipata yule kijana wa ng'ambo ya kijito ambaye mwenyekiti alimtilia saini dukani, kasimama, dakika moja, kwenye tangi la pikipiki, bila akamwani, bila jogoo, mwenyekiti alisimulia mwenyewe asubuhi akicheka, ati kijana mchangamfu yule, na Komujuni aliisikia na hakuisikia, anaisikia sasa, kasimama, kwenye tangi la pikipiki... Kumbe saini inatoka upesi. Kumbe mkono huo unajua kuandika bila kutafuna. Alidhani amepiga magoti ili apate, kumbe anavyozidi kupiga magoti ndivyo anavyozidi kuwa sinema yao, nzuri, ya zamani, wanatazama mama zao humu, dada zao, wametundika shuka wanafurahi, na nani anakatiza sinema ikiwa tamu? Wanachokililia hawa siyo gari, siyo gome la mgomba wala enanga, wangevitaka wangeviendea, migomba si hii hapa nje imejaa, mtelemko uko pale pale. Wanakililia kimya cha aliyekuwa anashika kikapu. Na kikohozi tena, nyuma ya pazia, kifupi, kikavu, na Komujuni kwa mara ya kwanza anainua macho wakati wa mgeni, anatazama mlangoni, na chini ya pazia anaviona vidole vya miguu ya mama yake, vimepasuka, vina udongo wa kibanja, vimesimama hapo tangu saa tano, nyumba yake mwenyewe, miaka sitini na tano, mama bado yuko nyuma ya shuka. Na kikohozi hicho, miaka yote hii, nani alimwambia maana yake ni tulia? Mama hakuwahi kusema. Huenda mama anakohoa tu kwa sababu yuko hapo. Huenda anakohoa wajue kuna mtu. Saa ya ukutani ni tisa kasoro dakika tano, goti liko juu ya punje ile ile, kikapu kiko pale pale, Celestin anasema ego, mwenyekiti anasema mpiga enanga alikuwa haanzi hadi watoto wanyamaze, na mkono wake umeanza tena safari ya kuja kwenye buni, umefika nusu, umesimama hewani, na ulimi wa Komujuni, uliokuwa umelala chini ya meno tangu asubuhi, umeinuka, umegusa juu, maneno yamepangana yenyewe kwa mstari ulionyooka, kushoto kwenda kulia, yanatoka: Mzee Methodius, waitu, hayo maganda umeyatema juu ya jina langu, yapanguse, kalamu hii hapa, utie saini sasa hivi, na wewe baba mvutie mama kiti aje akae upande huu.