Kioo cha Simu ya Mwalimu Wakio

Rita Wakio alifundisha shule ya msingi huko Kishushe, na kwa miaka minne alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemwandikia barua ya ajira: kuwaambia watoto kama njia ya kwenda nyumbani ni salama. Habari zilitoka kwa Ngui, skauti wa ranchi, aliyeshinda porini akifuata ndovu. Kila alasiri kabla ya shule kufungwa, Ngui alimtumia ujumbe. Kule alikokuwa, simu za sauti zilikatika, lakini ujumbe ulipita. Njia ni safi, waende. Au: ndovu wako karibu, wasitoke. Binti wa Ngui mwenyewe, Daisy wa gredi ya tano, alipita njia hiyo hiyo.

Mwezi wa Aprili simu ya zamani ya Wakio ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Kakake Vincent, aliyefanya kazi Mombasa, akamletea mpya, nyembamba, yenye kioo cheusi kinachotoa rangi kali kuliko za kweli. Kila mtu aliisifu.

Haukupita mwezi, macho ya Wakio yakaanza kuwasha kama ya mtu aliyepulizwa moshi wa kuni mbichi. Kisha kichwa, nyuma ya nyusi. Kisha kichefuchefu. Hakumwambia mtu. Baba yake, mzee Obadiah, alipofuka akiwa na miaka hamsini na miwili, na alikuwa akisema kwamba presha ya macho ilimwanza kwa kichwa kuuma. Wakio alikuwa na arobaini na sita. Kila asubuhi alifunika jicho moja kwa kiganja, akasoma kalenda ya ukutani, kisha akafunika la pili, akihakikisha kwamba tarehe bado inasomeka. Mwanga wa simu aliushusha mpaka mwisho ili kuyapumzisha macho, lakini maumivu yakazidi.

Alhamisi moja mwezi wa Juni alishindwa kabisa. Baada ya chakula cha mchana aliandika alama za wanafunzi kwenye simu kwa nusu saa, akahisi kutapika. Akaizima sauti, akaifungia kwenye droo ya ofisi ya walimu, akarudi darasani akiwa amekunja uso. Saa tisa na nusu kengele ikalia. Watoto kumi na mmoja wa upande wa korongo wakamwuliza kama waende.

"Nendeni," alisema. Droo hakuifungua; alidhani kimya ni usalama.

Ilikuwa karibu saa kumi alipofungua droo. Ujumbe wa Ngui ulikuwa umeingia saa tisa na dakika tano. Ndovu wanane na ndama wao wako kwenye njia ya korongo. Watoto wasitoke.

Miguu ilimtangulia akili. Alikimbia bila kumwambia yeyote, simu mkononi, viatu vikijaa mchanga. Aliwaza mama zao, mmoja mmoja. Kwenye kona ya kwanza aliona begi la shule katikati ya njia, limefunguka, madaftari yametawanyika. Hapakuwa na mtoto. Matawi yalivunjika mahali fulani kushoto kwake, taratibu, kama mtu anayevunja kuni bila haraka. Harufu ya ndovu ilikuwa tayari imefika.

"Mwalimu," sauti ndogo ilisema kutoka ardhini.

Kulikuwa na mtaro mwembamba wenye kina, uliochimbwa miaka ya nyuma na watu waliokuwa wakitafuta chuma. Watoto walikuwa wamebanana ndani. Daisy alikuwa amemziba mdomo Tom, mdogo kuliko wote, ambaye machozi yalimtiririka juu ya vidole vya msichana huyo. Wakio alijiteremsha akiburuza mgongo kwenye mawe. Akawahesabu. Kumi na mmoja. Akawahesabu tena.

Ndovu mmoja alitokea juu ya ukingo. Waliona miguu yake tu, na vumbi likidondoka ndani. Hakuna aliyepumua. Simu ikatetemeka mkononi mwa Wakio.

Aliitazama. Kioo kilikuwa cheusi chenye kivuli cha maneno. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Hakuona herufi hata moja. Hofu iliyompata pale ilikuwa baridi kuliko ile ya ndovu. Upofu umefika, alijiambia. Leo ndiyo siku yenyewe.

Daisy aliichukua simu polepole, akaikinga jua kwa kichwa chake, akamnong'oneza sikioni, "Baba anasema wanaelekea kwenye maji. Tukae."

Walikaa mpaka jua likalala upande wa pili wa mtaro. Ngui, aliyekuwa akiwafuata ndovu hao, aliliona begi njiani akaja kuwatoa, akiwa amelowa jasho. Alimshika Daisy kichwa, kisha akamtazama mwalimu.

"Ujumbe ulifika?"

"Ulichelewa," Wakio alisema. "Mtandao."

Ngui aliitazama simu yake, kisha akawaongoza watoto nyumbani.

Jumamosi Wakio alipanda gari la alfajiri kwenda Voi. Kwenye kliniki ya macho alingoja saa mbili akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Daktari, Priscilla Ajiambo, alikuwa mwanamke wa Busia mwenye sauti ya chini. Alimpima presha ya macho, akamulika ndani, akampima tena ili kumtoa wasiwasi.

"Presha yako ni sawa, mama. Mishipa ya nyuma ni mizima."

"Baba yangu alipofuka."

"Ndiyo maana utapimwa kila mwaka. Lakini leo huna ugonjwa huo."

"Nilishindwa kusoma simu, daktari. Juani. Sikuona kitu."

Ajiambo aliiomba simu, akaitazama. "Mwanga umeushusha mpaka chini. Hata mimi nisingeona kitu juani. Maumivu yalianza lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na simu hii uliipata lini?"

Wakio alihesabu miezi kwa vidole. Hakuwahi kuviunganisha vitu hivyo viwili.

Daktari alimwelekeza kwa Oundo, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stesheni ya zamani. Oundo aliielekeza kamera ya simu yake kwenye kioo cha simu ya Wakio, akamwonyesha. Mistari myeusi ilipanda juu ya kioo, mmoja baada ya mwingine, bila kukoma.

"Kioo cha aina hii ukikipunguzia mwanga, madam, hakififii," Oundo alisema. "Kinazima na kuwaka, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Wengi hawasikii kitu. Wewe kichwa chako kinasikia. Na kadiri unavyoushusha mwanga ndivyo kinavyozidi kukupiga."

"Nilikuwa nayapumzisha macho."

"Ulikuwa unayachosha zaidi."

Alimletea simu tatu za mitumba, akazipitisha moja moja mbele ya kamera. Ya kwanza ilikuwa na mistari. Ya pili haikuwa nayo, lakini dakika kumi baada ya Wakio kuanza kuisoma, nyusi zilimkaza, akairudisha. Oundo hakubishana naye. Ya tatu ilikuwa nzito, kona moja imemeguka, na rangi zake zilikuwa za kawaida tu.

"Kaa hapo kwenye benchi usome," alisema. "Usiniambie chochote mpaka saa moja iishe."

Wakio alisoma habari, akasoma jumbe za zamani za kaka yake. Kila baada ya dakika chache aliacha kusoma akajisikiliza, akingoja maumivu yagonge. Saa moja ilipoisha, Oundo alimkuta akilia kimyakimya, simu ikiwa bado wazi magotini.

"Inauma?"

"Hapana," alisema. "Haiumi."

Wakabadilishana: simu ya Vincent ikabaki kibandani, ile nzito ikaenda Kishushe.

Jumatatu, kabla ya paredi ya asubuhi, alimngojea Ngui getini.

"Nilikudanganya," alimwambia. "Ujumbe ulifika kwa wakati. Nilikuwa nimeifungia simu kwenye droo kwa sababu ya macho. Mimi ndiye niliyewaambia waende."

"Najua." Ngui alitazama kofia yake. "Simu yangu ilionyesha umefika. Na Daisy aliniambia hukuweza kusoma."

"Mbona hukwenda kwa mwalimu mkuu?"

"Nilikuwa na hasira. Nilijua nikifungua mdomo, utafukuzwa." Akaivaa kofia. "Bado ninayo, mwalimu. Usiku namwona mtoto wangu kwenye ule mtaro."

"Mimi pia."

Wakaenda pamoja kwa mwalimu mkuu, na Wakio akayasema yote tena, amesimama. Alipewa onyo la maandishi. Ikaamuliwa pia kwamba kuanzia siku hiyo ujumbe utakwenda kwa simu mbili, yake na ya mwalimu Derrick, na mtoto hatoki mpaka wote wawili wausome kwa sauti.

Saa tisa na robo ujumbe uliingia. Wakio aliufungua, mwanga umepanda vya kutosha, na herufi zikatulia mbele yake. Njia ni safi. Alisoma mara tatu, kisha akamgeukia Derrick.

"Soma na wewe," alisema. "Tafadhali, soma polepole."