Tanuri la Kulthum

Nilisimama mlangoni kwa Kulthum na kuni zangu zote za mwisho kichwani, nikapiga hodi. Kwa miaka sita tulikuwa tukipitana katika uchochoro ule ule wa mji wa Lamu, mabuibui yetu yakigusana, bila salamu. Alipofungua alitazama kuni kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Umepotea ndia, Bi Radhiya?"

"Sikupotea. Nimekuya kwako."

Kulthum ndiye aliyeolewa na Bwanamkuu baada ya Bwanamkuu kuniacha. Nilipoachwa nilianza kuoka mikate ya mofa: unga wa mtama, tanuri la udongo uani, mkate unabandikwa ukutani kwa ndani na kubanduliwa ukiiva. Kulthum naye aliingia kazi hiyo hiyo mwaka wa vita vya Wazungu, Bwanamkuu alipochukuliwa upagazi bara.

Wakata kuni nao walichukuliwa. Mzigo wa kuni ukapanda bei mara mbili, kisha mara tatu. Nilichoma makumbi ya nazi, nikachoma vifuu, nikachoma hata kitanda nilichoolewa nacho. Bado mkate haukulipa moto uliouoka.

"Sema basi," Kulthum aliniambia, mkono ungali kwenye mlango.

"Tanuri langu limepasuka. Kuwasha moto mle ni kutia mayi kwenye pakacha. Lako ni zima, na udongo wake mnene. Ukisha kutoa mikate, joto lake hukaa hata adhuhuri, lapotea bure. Tuweke kuni pamoja. Moto mmoja: uoke wewe kwanza, kisha mimi."

"Tanuri hilo alilijenga Bwanamkuu kabla hajachukuliwa."

"Najua."

"Na watu watanena."

"Nawanene. Wakisha kunena watataka mkate."

Hakucheka. Alisogea kando tu, nami nikaingia katika nyumba niliyokaa miaka minne nilipokuwa mke wa Bwanamkuu.

Siku za kwanza hatukusema ila la kazi. Mikate yangu, kwa kuwa ilikuwa ya pili, ilitoka myeupe, mibichi katikati. Nilidhani ananidhulumu moto. Nilikaribia kubeba sinia langu niondoke. Siku ya nne, mara tu alipotoa mkate wake wa mwisho, Kulthum alilowesha gunia, akafunika mdomo wa tanuri, akaziba kingo kwa udongo.

"Kanda kwa nafasi," alisema. "Joto halendi popote."

Alipofunua, joto lilinipiga usoni. Mikate yangu ikaiva sawa na yake.

Tangu hapo mzigo mmoja wa kuni ulitutosha sote wawili, na nikaweza tena kununua samli. Hata leo, na ukongwe wangu huu, nikiona moto umeachwa uwake bure hukereka.

Tulifika mahali pa kuzungumza. Habari za mtama, za bei, za mguu wake uliokuwa ukimuuma. Jina la Bwanamkuu hatukulitaja.

Alasiri moja alikuja Mselem, aliyechukuliwa upagazi pamoja na Bwanamkuu. Alikuwa amebaki mifupa. Alisimama uani akamwelekea Kulthum, mimi hakunitazama.

"Bwanamkuu alishikwa na tumbo la kuhara huko bara," alisema. "Tulimzika wenyewe. Tulimsalia."

Kulthum alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akakaa chini pale pale. Mimi nilikuwa na mkate wa moto mkononi. Sikujua unaniunguza hadi nilipouona umeanguka.

Siku ya pili ya msiba chumba kilijaa wanawake. Kulthum alikaa katikati, juu ya mkeka, naye ameshaingia eda. Mimi nilikaa mlangoni, penye viatu. Mke aliyeachwa zamani hana eda ya kufiwa, wala hakuna anayekuja kumpa pole. Nilikuwa jirani tu. Nilikaza macho sakafuni, maana niliona haya kulia mbele zao.

Kulthum aliinua kichwa, akajisogeza kwenye mkeka kunipa nafasi.

"Radhiya," aliita. "Ndoo ukae hapa."

Wanawake walitazamana. Niliruka miguu yao, nikakaa. Aliyeingia baada ya hapo alikuwa mama mmoja mzee kutoka Siyu. Alimpa Kulthum mkono wa tanzia, akasita kidogo, kisha akanipa na mimi.