Wavu wa Wageni

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, sindano ya turubai mkononi na kipande cha ngozi kiganjani, wifi yake alipomfikia na ufito mrefu wenye kikapu cha waya nchani. Hawakusalimiana. Walilala nyumba moja, walikunywa chai ya birika moja alfajiri, na njia nzima walikuwa wakibishana nani kamaliza sukari.

Wifi, dada wa mume wake, alikuwa na kazi ya kuokota ndege. Kisima walichofanyia kazi kilikuwa cha mafuta, na maji machafu yaliyopanda pamoja na mafuta yalimwagwa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nyeusi. Jua likichomoza bwawa liling'aa hata mtu akadhani ni ziwa. Ndege nao walidhani hivyo hivyo. Bata maji walitua, mbayuwayu walishuka kunywa, na aliyeshikwa na mafuta mabawani hakupaa tena. Wifi aliwaopoa na kuwatia guniani kabla magari ya wakubwa hayajafika. Kazi mbaya si mchezo mwema, alipenda kusema, lakini nyumbani alikuwa ameacha kula kuku.

Asubuhi hiyo aliopoa bata ambaye bado alikuwa akipepesa macho. Alimfuta kichwa kwa ncha ya kilemba chake, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi. Bata akafa hata hivyo. Fundi alitazama pembeni, roho ikamuuma.

Mwenyewe alikuwa mshonaji wa maturubai ya malori, na hapo kisimani alikuwa kibarua wa siku chache tu. Aliyemwajiri ni msimamizi, mtu mnene mwenye kofia nyeupe ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kesho. Ukimwomba glavu, kesho. Ukimwuliza wavu wa kufunika bwawa utaletwa lini, kesho. Kwa hiyo wavu ulipoteremshwa kweli kwenye lori, watu walipiga makofi. Fundi alifurahi kuliko wote, maana ulikuwa wavu mzuri, mzito, wenye matundu madogo, na alipenda kazi kubwa. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Bwana Kesho alitaka uning'inizwe kwenye waya wa kuzunguka bwawa kwa vitanzi vyepesi, vya kufunguka ukivuta mara moja.

Jibu alilipata kwa dereva wa lori, aliyekuwa amekaa kivulini akila mkate. Leo wangekuja wageni, wakaguzi kutoka ofisi ya wanyama na ndege. Wakishaondoka tu, dereva apakie wavu aupeleke kisima cha pili, kwani wageni watakwenda huko kesho. Halafu cha tatu. Wavu ni huo huo mmoja, alisema dereva, na wala hakuona ajabu.

"Funika kombe mwanaharamu apite," wifi akasema, akacheka kidogo.

Fundi hakucheka. Aliliangalia gunia, akauangalia wavu, kisha akaanza kufungua vitanzi alivyokwisha kufunga, kimoja kimoja. Akaukunja ukingo wa wavu juu ya waya na kuupiga upindo, kwa uzi wenye nta, sindano ndani sindano nje, kama anavyoshona turubai la lori la safari ndefu. Mikono iliijua kazi hiyo, na moyo ulimtulia. Zamani alipokuwa akijifunza ushonaji alijisikia hivyo hivyo.

Wifi akamsogelea.

"Unajua unanifukuza kazi?"

"Najua, wifi."

"Na wewe kibarua chako kitaota nyasi."

"Kilikuwa cha siku chache."

Wifi akahema, akaegemeza ufito kwenye nguzo, akachukua sindano ya akiba kwenye kopo. Mishono yake ilikwenda mrama, Fundi akamwambia anashona kama kuku anayeparua, wakacheka wote wawili. Walimaliza kabla tu ya vumbi la magari kuonekana.

Wageni walivaa mabuti mapya. Mmoja aliuvuta wavu, ukakaza, akausifia sana. Wakapigwa picha mbele yake, Bwana Kesho katikati, tumbo mbele, wakanywa soda wakaondoka. Hakuna aliyeuliza habari za gunia.

Dereva akarudisha lori kinyumenyume, akashuka, akashika ukingo na kuvuta. Akavuta tena. Kisha akamwita bosi.

Bwana Kesho alikuja akipangusa jasho. "Nilikwambia vitanzi."

"Uliniambia ni wavu wa kuzuia ndege, bosi. Kitanzi upepo unakifungua."

"Fumua."

"Nitafumua, lakini kesho haitoshi. Labda muukate wavu."

Bwana Kesho akamgeukia dereva, na dereva akakuna kichwa. "Nikikata, bosi, huko tutatandika matambara."

Hapo Bwana Kesho akamwambia Fundi kesho asije, na kwa mara ya kwanza kesho yake ilikuwa ya kweli. Akajitenga hatua chache akapiga simu, akidhani ananong'ona. Kesho wageni waletwe tena hapa hapa, wapitishwe lango la nyuma, waambiwe ndicho kisima cha pili. Alipokata simu alimwita wifi, akamwagiza alfajiri aende na gunia lake kisima cha pili chenyewe. Kule ndege walikuwa wamejaa.

Wanawake wale wakakusanya vitu vyao. Jua lilikuwa likishuka na kundi la bata maji likaja, likazunguka, likatua bwawani. Miguu yao ikazama kwenye matundu. Wakayumba, wakapiga kelele za kuudhika, wakaruka tena wote, mpaka wa mwisho, wakaelekea mtoni. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

Wifi hakucheka. Alikuwa ameshika gunia tupu, analikung'uta vumbi.

"Haya, hapa umewaponya," akasema. "Na wale ninaokwenda kuwaokota kesho?"

Wakavuka lango. Fundi alikuwa akifikiria nyavu kuukuu za magoli zilizorundikwa nyuma ya nyumba yao, na mabaki ya maturubai, na uzi uliobaki kwenye kopo.

"Huo ufito wako," akasema, "kesho ukifika, kabla hujaokota, nipimie nao bwawa. Urefu na upana."